Kuunda BE2c ya skeli ya 1/72 na kutia nyaya zake zote

Ukitaka kujua kama modeli ya ndege yenye bawa juu ya bawa (baiplani) imeundwa na mtu anayeielewa, usianze kwa rangi, tazama nyaya. Uzi uliolegea, uzi unaoishia hewani badala ya kwenye nguzo zinazoshikanisha bawa la chini na la juu, au uzi mnene kama bomba huharibu kazi ambayo kwa mengine yote ni nzuri. Walio wengi huziogopa nyaya kwa sababu huziacha hadi mwisho, modeli ikiwa imeshapakwa rangi na kuunganishwa, ndipo wanaanza kutafuta pa kuzifungia. Nyaya hupangwa kabla ya tone la kwanza la gundi.

Ndege ya mfano hapa ni BE2c ya Royal Aircraft Factory, Farnborough, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1914. Ina mabawa yaliyonyooka, nguzo zinazofikika kwa koleo na nyaya za kutosha kukufundisha kila aina ya kazi. Pia ilifika kwetu: mwaka 1916 Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps (jeshi la anga la Uingereza la wakati huo), kilichokuwa cha watu wa Afrika Kusini, kilirusha BE2c kutoka Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, katika vita dhidi ya jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lililoongozwa na Lettow-Vorbeck. Airfix wametoa seti yake ya plastiki katika skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege ya kweli. Modeli ikikamilika ina upana wa takriban 156 mm na urefu wa 115 mm, kwa hiyo inatosha kwenye kiganja. Hatua hizi zinafaa pia kwa seti za 1/48 na 1/32. Kinachobadilika ni unene wa uzi na ukubwa wa matundu.

Kila waya una kazi yake

Usikariri mchoro wa nyaya, uelewe. Ukijua waya unafanya kazi gani, utajua unaanzia wapi na unaishia wapi hata pale mchoro wa kwenye boksi umebanana.

Nyaya za kupaa huanzia chini karibu na kiwiliwili na kupanda kwenda nje hadi juu ya nguzo. Ndege ikiwa angani, hewa inayasukuma mabawa juu, na nyaya hizi ndizo zinazoyazuia yasijikunje. Kwa sababu zinabeba mzigo mkubwa kuliko nyingine zote, mara nyingi huwa mbili sambamba. Nyaya za kutua hufuata mlalo wa kinyume: zinaanzia juu kwenye nguzo za kati (zile fupi zilizo juu ya kiwiliwili), zinashuka kwenda nje hadi chini ya nguzo. Hizo hubeba uzito wa mabawa ndege ikiwa ardhini, na mara nyingi huwa moja moja. Nyaya za msalaba ziko kati ya nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma, zikifanya alama ya X ukitazama kutoka ubavuni. Kazi yake ni kuzuia bawa lisijipinde.

BE2c ina jozi mbili za nguzo kila upande, kwa hiyo ina vyumba viwili kila upande (nafasi zinazogawanywa na nguzo), cha ndani na cha nje. Kila chumba kina nyaya za mbele na za nyuma, za kupaa na za kutua. Vyumba vinne mara nyaya nne ni 16. Ongeza misalaba ya jozi nne za nguzo, nyaya 8, unapata 24. Kila waya wa kupaa ulio maradufu unaongeza mmoja. Bado hujafika kwenye nguzo za kati juu ya kiwiliwili, miguu ya magurudumu, mkia, na nyaya za kuendeshea aileroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyolaza ndege upande), usukani wa mkiani na mkia mlalo. Jiandae kwa zaidi ya nyuzi 40. Chapisha mchoro wa pande tatu kwa ukubwa wa modeli yenyewe, upe kila waya namba kwa kalamu nyekundu, na ukimaliza mmoja uufute. Bila orodha hiyo utasahau uzi ambao huwezi tena kuufikia.

Vifaa

Kisu chenye ncha kali, koleo la kukatia plastiki, msasa namba 400, 600 na 1000, gundi nyepesi ya majimaji inayoyeyusha plastiki, supaglu nyepesi na supaglu nzito, keekee ya vidole yenye ncha za 0.3 mm na 0.4 mm (nunua kama tano za 0.3, zinavunjika), koleo mbili za ncha nyembamba, bikari yenye sindano pande zote mbili, vibanio vya nguo na tepu ya karatasi.

Kuhusu uzi, fanya hesabu kwanza. Waya wa milimita 6 kwenye ndege ya kweli, ukigawanywa kwa 72, ni 0.08 mm. Chochote kinachozidi 0.12 mm katika skeli hii kitaonekana kama kamba ya nanga. Chaguo ni mawili makuu.

La kwanza ni uzi wa lastiki uliotengenezwa kwa ajili ya modeli, kama EZ Line nyembamba (0.08 mm), au za Infini na Uschi van der Rosten. Unavutika, unajikaza wenyewe, na ukiugusa kwa bahati mbaya unarudi mahali pake. Kwa modeli ya kwanza chukua huu bila kufikiria mara mbili.

La pili ni mshipi wa nailoni wa kuvulia wa 0.08 mm, au ule uzi mwembamba usioonekana ambao mafundi cherehani hushonea pindo. Ni rahisi kuupata na hauchakai upesi, lakini unavuta kwa nguvu. Ukiukaza mno upande mmoja, ncha ya bawa inainama, na utaligundua hilo siku ya pili gundi ikiwa imeshakauka.

Kifaa kimoja utengeneze mwenyewe: chombo cha kutilia supaglu. Chukua sindano ya kushonea, saga juu ya tundu lake kwa jiwe la kunolea mpaka tundu lifunguke na kubaki uma wa meno mawili mafupi. Chomeka ncha yake kwenye kijiti cha mbao. Ukiuchovya uma huo kwenye tone la supaglu, unashika kiasi kidogo sana katikati ya meno, na unakiachia pale tu unapougusisha kwenye uzi. Kijiti cha meno kinabeba gundi mara kumi ya hiyo, na gundi hiyo ya ziada ndiyo inayoacha vinundu vinavyong'aa kwenye kila kiungo. Uma ukijaa gundi iliyokauka, upitishe kwenye moto wa mshumaa kwa sekunde mbili, mbali na uso na dirisha likiwa wazi, kwa sababu moshi wa supaglu unawasha macho na koo.

Matundu kabla ya yote

Osha fremu za plastiki zinazoshika vipande vya seti kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ziache zikauke. Kisha, mabawa yakiwa bado kwenye fremu, toboa.

Weka alama kwa ncha ya sindano kwanza, ukibonyeza kishimo kidogo, ili ncha ya keekee isiteleze. Tundu la waya linakaa kando ya tundu la nguzo, umbali wa 0.5 mm hivi, si ndani yake. Toboa kwa mlalo unaofuata njia ya waya, maana uzi unaoingia kwenye tundu la wima unavunjika shingo pale unapotokea na haunyooki kamwe. Kwa uzi wa lastiki, tundu liishie nusu ya unene wa bawa, kama 0.7 mm. Funga kipande cha tepu kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina hicho. Zungusha polepole bila kusukuma. Plastiki ikipata joto inanata kwenye ncha na ncha inakatika ndani.

Kwa mshipi wa nailoni, matundu ya bawa la juu yatoboe mpaka upande wa pili. Utaziba baadaye.

Usisahau kiwiliwili: chini kwenye mashina ya mabawa, juu kwenye nguzo za kati, na pale nyaya za usukani na za mkia mlalo zinapotokea ubavuni kuelekea nyuma. Pezi na mkia mlalo ni vyembamba sana, kwa hiyo hapo 0.3 mm ndiyo mwisho.

Kiwiliwili na mabawa ya chini

Chumba cha rubani hakihitaji maneno mengi: kwenye BE2c mwangalizi anakaa mbele na rubani nyuma, paka mbao rangi ya asali, mikanda rangi ya kitani, funga. Sehemu kubwa itafichwa na bawa la juu.

Ukiunganisha nusu mbili za kiwiliwili, pitisha gundi nyepesi kwenye mshono kwa brashi, bana kwa tepu, na uache saa 12. Mshono wa juu na wa chini upigwe msasa mpaka ukucha usiuhisi. Kiwiliwili cha ndege hii kilikuwa kiunzi cha mbao kilichovikwa kitambaa, hakikuwa na mshono katikati ya mgongo.

Mabawa ya chini yana mwinuko wa digrii 3.5. Kwenye bawa la 1/72 hiyo ni zaidi kidogo ya milimita 4 kutoka shina hadi ncha. Kata vigingi viwili vya kadibodi vya urefu sawa, viweke chini ya ncha zote mbili, gundisha mabawa na usiyaguse mpaka kesho yake. Kosa la nusu milimita hapa halionekani leo. Litaonekana bawa la juu likifika, nguzo za upande mmoja zitakapokuwa zinaning'inia na za upande mwingine hazitoshi.

Gundisha mkia na pezi, ukihakikisha mkia mlalo uko sawa ukitazama kutoka mbele. Miguu ya magurudumu isubiri.

Rangi na stika kabla ya bawa la juu

Huu ndio utaratibu ambao wageni wa baiplani hawauamini. Paka rangi kila kitu bawa la juu likiwa bado kando: kiwiliwili pamoja na mabawa ya chini, bawa la juu peke yake, nguzo zikiwa kwenye fremu, rafadha ya panga nne. Funika kwa tepu sehemu ndogo zitakazopokea gundi, au zikwangue baadaye, kwa sababu gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi.

BE2c nyingi za mwanzo zilikuwa na kitambaa cha kitani kilichopakwa dopu (vanishi ya kukaza kitambaa) isiyo na rangi, kinachoonekana kama malai yenye umanjano kidogo. Za baadaye zilipakwa kahawia ya kijani upande wa juu. Fuata picha ya ndege yenyewe unayoiunda, maana hazikufanana. Ukipaka kwa brashi mahali penye joto kama Dar es Salaam au Mombasa, akriliki inakauka kabla hujamaliza mstari. Ongeza tone la kichelewesha rangi na upake tabaka tatu nyepesi badala ya moja nzito.

Kabla ya stika za kulowesha, paka vanishi inayong'aa. Stika ikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa chini yake na kubaki na weupe wa fedha ambao hautoki. Stika zikikauka, paka vanishi ya kumalizia. Nyaya zitakuja baada ya hapo, na vanishi haitazigusa tena.

Kulisimamisha bawa la juu

Bawa la juu la BE2c limetangulizwa mbele kuliko la chini, na kila nguzo inaonekana kuinama mbele ukitazama kutoka ubavuni. Usitegemee macho. Kata vipande viwili vya ubao wa povu wa 5 mm kwa kufuata mchoro wa ubavuni: ukingo wa chini ukae kwenye bawa la chini, ukingo wa juu ubebe bawa la juu kwa umbali na mtangulio sahihi. Kimoja kila upande, kati ya nguzo za ndani na za nje. Matofali ya Lego pia yanafaa.

Gundisha nguzo za kati kwanza, ziache zishike nusu saa. Kisha laza bawa la juu kwenye vipande vya povu, ingiza nguzo za ndani, halafu za nje, ukitumia gundi nyepesi inayokupa dakika moja ya kurekebisha. Supaglu haifai hapa, haikupi nafasi ya kusahihisha.

Gundi ikiwa bado laini, pima kwa bikari: ncha ya bawa la juu la kushoto hadi mwisho wa usukani, kisha la kulia hadi hapo hapo. Tofauti isizidi 0.5 mm. Halafu simama mbele ya modeli na ufumbe jicho moja: ukingo wa bawa la juu na wa bawa la chini viende sambamba hadi nchani. Ukiridhika, iache usiku mzima. Nyaya haziwezi kunyoosha bawa lililokaa vibaya. Zitaonyesha kosa kwa kila mtu.

Kutia nyaya

Fanya kazi kutoka katikati kwenda nje, kwa sababu kila uzi unaotia unafunga mlango wa koleo. Anza na nguzo za kati, endelea na chumba cha ndani (nyuma, kisha mbele), halafu msalaba wa nguzo za ndani, kisha chumba cha nje, na msalaba wa nguzo za nje uwe wa mwisho. Ukianza na msalaba wa nje umejifungia njia ya kuingilia kutoka ubavuni.

Kwa lastiki hatua ni hizi:

1. Pima umbali kati ya matundu mawili kwa bikari.
2. Kata uzi mrefu kuliko hapo kwa 2 cm, chovya ncha yake kwenye supaglu nzito kidogo tu, ingiza tunduni na uhesabu hadi kumi.
3. Uache uning'inie. Tia nyingine tatu au nne upande huo huo ili gundi ipate kukomaa.
4. Rudi kwa wa kwanza. Uvute mpaka ufike tundu la pili, ukate mfupi kuliko umbali kwa sehemu moja ya kumi. Umbali wa 30 mm unahitaji uzi wa 27 mm.
5. Shika ncha kwa koleo, gusisha gundi, vuta, ingiza, shikilia bila kutikisika kwa sekunde 15.

Uzi wa lastiki ulio bapa ukijisokota, utaona mng'ao wake unabadilika kila milimita chache. Uzungushe kwa koleo kabla ya kuingiza ncha ya pili. Ukichomoka dakika moja baadaye, sababu ni mojawapo ya mbili: tundu lina vanishi ndani, au umetia gundi nyingi na ilikuwa haijakauka katikati. Lisafishe tundu kwa ncha ya keekee, kata uzi mpya; uzi wenye gundi kavu hauingii tena.

Mahali ambapo waya wa kutua unakutana na nyaya mbili za kupaa, upitishe katikati yake. Kwenye ndege ya kweli pale zinapokutana paliwekwa kipande cha kuzizuia zisisuguane. Tone dogo la gundi nyeupe ya mbao, likikauka na kupakwa rangi ya kahawia, linatosha.

Kwa mshipi wa nailoni, gundisha ncha za chini zote kwanza, pitisha kila uzi kwenye tundu lake la bawa la juu, uning'inize kibanio kimoja cha nguo juu yake kama uzito. Kimoja tu kwa kila uzi, na uzito uwe sawa kushoto na kulia. Tia supaglu nyepesi juu ya tundu, ngoja saa moja, kata, ziba kwa supaglu, piga msasa namba 1000 na urudishie rangi. Uzi uliobaki umelegea kidogo unakazwa kwa joto: washa kijiti cha udi, puliza moto ubaki mkaa, na uupitishe chini ya uzi kwa umbali wa sentimita 2, ukienda na kurudi bila kusimama. Utauona uzi ukinyooka. Ukikaribia zaidi, unakatika papo hapo. Usijaribu hili kabisa kwenye lastiki.

Nyaya za kuendeshea zinafuata: zile zinazounganisha aileroni ya juu na ya chini, kisha za usukani na mkia mlalo. Hizi zilikuwa nyaya za kusokotwa zinazotembea, kwa hiyo zipake kijivu cheusi kisicho na mng'ao. Nyaya za kubeba mabawa, ikiwa ndege yako ilikuwa na zile za chuma bapa, zipate rangi ya chuma iliyofifia kwa kupitisha brashi karibu kavu. Fedha safi inang'aa mno.

Yanayoharibika na sababu zake

Ukungu mweupe kuzunguka viungo unatokana na mvuke wa supaglu, na unyevu wa pwani huuzidisha. Tumia kidogo, washa feni mbali nawe, na kioo cha rubani kibandike baadaye kwa gundi nyeupe. Unyevu huohuo huikausha supaglu ndani ya chupa, kwa hiyo ihifadhi kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa pamoja na pakiti ya silika, na uitoe nusu saa kabla ya kuitumia.

Nyaya za upande mmoja zikilegea wewe ukikaza za upande wa pili, bawa linavutwa. Hilo ni tatizo la mshipi, na dawa yake ni kukata uzi uliokazwa mno. Kuongeza mwingine wa kushindana nao hakusaidii.

Nguzo ikiachia wakati wa kutia nyaya, simama. Irudishe kwa gundi ya plastiki, isubiri hadi kesho. Supaglu ya haraka kwenye nguzo iliyopinda inakuachia nguzo iliyopinda milele.

Mwisho weka miguu ya magurudumu na msalaba wake, mabomba ya moshi yanayopanda juu ya bawa, kioo, na rafadha. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi ukifuata mwelekeo wa nyaya, kutoka shina la bawa kwenda nchani.